Jua Haki Zako: Hukupanda Ndege ya Kwenda, Ya Kurudi Imeenda Wapi?

Tuchukue mtu wa Ntobeye, wilayani Ngara, anayefanya kazi Dar es Salaam. Mdogo wake anaoa, naye amekata tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi: Dar hadi Mwanza Ijumaa, Mwanza hadi Dar Jumatano. Alhamisi jioni anapigiwa simu. Gari la binamu yake linaondoka usiku uleule kwenda Ngara, nafasi ipo, na kuna mzigo wa harusi unaohitaji mtu wa kuusindikiza. Anapanda gari. Ndege ya Ijumaa anaiacha iende bila yeye. Hasara ni yake na ameikubali.

Harusi inapita. Jumatano anatoka Ntobeye alfajiri, anapita Nyakahura, Lusahunga, Biharamulo na Geita, anavuka ziwa juu ya daraja la Kigongo–Busisi na kufika uwanja wa ndege wa Mwanza mapema, begi la maharage begani. Binti wa kaunta anaingiza herufi sita za bukingi, anatazama skrini, anaziingiza tena. “Kaka, hii tiketi imefutwa. Ijumaa hukutokea.”

Hapo ndipo watu hupandisha sauti. Nimelipia viti viwili, kimoja sikukikalia, kwa nini mninyang'anye na cha pili? Swali ni la haki kabisa. Jibu lake lina sehemu mbili, moja ya mkataba na nyingine ya sheria, na anayezichanganya huondoka kaunta bila kitu.

Tuanze na mkataba. Kampuni za ndege nyingi duniani, zikiwemo zinazotua Mwanza, Bukoba na Kigali, hazihesabu tiketi ya kwenda na kurudi kuwa tiketi mbili. Kwao ni safari moja yenye vipande, na vipande hivyo hutumika kwa mpangilio ulioandikwa. Ukiruka cha kwanza, mfumo wa kompyuta unakuandika kuwa hukutokea na kufuta vyote vinavyofuata. Hakuna mtu aliyekaa ofisini kukukomoa. Mashine imefanya hivyo, mara nyingi muda mfupi tu baada ya ndege ya kwanza kuondoka, na yule binti wa kaunta huenda hana uwezo wa kukurudisha.

Sababu ya sharti hilo ni bei. Kwenye njia nyingi za kimataifa, tiketi ya kwenda na kurudi huweza kuwa rahisi kuliko ya kwenda tu, na safari yenye kituo cha kati huweza kuwa rahisi kuliko kushukia kituoni hapo. Wajanja waligundua mwanya huo zamani: nunua safari ndefu ya bei ndogo, tumia kipande unachokitaka, tupa kingine. Kampuni zikaweka sharti kuziba mwanya. Mtu wetu hakuwa na ujanja wowote, alipata lifti tu, lakini wavu uliotegewa mjanja umemnasa na yeye.

Sasa sheria. Ujerumani, mwaka 2010, Mahakama Kuu ya Shirikisho ilikataa masharti ya aina hii yaliyokuwa yakitumiwa na Lufthansa na British Airways. Majaji walikubali kwamba kampuni ina haki ya kulinda mpango wake wa bei, ila wakasema kumfutia abiria safari yote ni kuvuka mpaka. Kampuni ingeweza kumdai nyongeza ya bei pale ambapo safari aliyoifanya kweli ingegharimu zaidi. Hispania nayo, mwaka 2018, Mahakama ya Juu ililitangaza sharti kama hilo la Iberia kuwa la kumwonea mlaji. Kesi imewahi kwenda upande wa pili pia. Lufthansa ilimdai abiria euro 2,112 kwa sababu alishuka Frankfurt na kuiacha ndege yake ya mwisho ya kwenda Oslo. Mahakama ya Berlin ikaitupa kesi hiyo Desemba 2018.

Ni hukumu nzuri kuzijua, ila usizitegemee kwenye kaunta ya Mwanza. Majaji wa Berlin na Madrid hawaifungi kampuni inayokuuzia tiketi hapa nyumbani. Hapa unasimamia mambo matatu.

La kwanza ni haki ya kuambiwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja. Ukinunua kwa wakala, ukamuuliza kama unaweza kutumia ya kurudi peke yake, akakujibu “hakuna shida”, hilo si neno la kupita. Kama mlizungumza kwa ujumbe wa simu, usiufute. Sheria hiyohiyo inaipa Tume ya Ushindani, FCC, kazi ya kuitazama mikataba ya mlaji inayoandaliwa na upande mmoja, yaani ile usiyojadiliana ila unaambiwa kubali au acha. Tiketi ya ndege ni mkataba wa aina hiyo hasa. Unanunuliwa kwa Kiswahili, unalipwa kwa simu, halafu masharti yanakaa kwa Kiingereza nyuma ya kiungo ambacho hakuna anayekifungua. Kwa maoni yangu, sharti linaloweza kumla mtu nusu ya nauli yake linastahili kusomeka kwenye ujumbe uleule wa malipo, kwa lugha iliyotumika kumuuzia.

La pili limo kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Mkataba ukivunjwa na ndani yake mmetaja adhabu, aliyeumizwa hapati adhabu hiyo moja kwa moja. Anapata fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa. Uliza basi kwa maandishi: kutopanda kwangu Ijumaa kumewatia hasara gani? Kiti nilikilipia. Kama mlimpa mtu wa akiba, mmelipwa mara mbili. Kampuni itajibu kwamba hujavunja chochote na kwamba bei nafuu ilikuja na sharti lake, na hoja hiyo nayo ina uzito mbele ya hakimu. Lakini barua yenye swali hilo hushughulikiwa tofauti na kelele za kaunta.

La tatu ni fedha ambazo kampuni hukusanya kwa niaba ya wengine. Ndani ya nauli mna ada ya abiria ya kiwanja na tozo nyingine zinazolipwa kwa sababu umesafiri. Hukusafiri? Omba urudishiwe zile za vipande visivyotumika. Wengine watakata gharama ya ushughulikiaji, na kwa safari ya ndani kitakachobaki kinaweza kuwa kidogo. Kiombe hivyohivyo, hasa kwa tiketi ya nje ya nchi, ambako tozo huwa sehemu kubwa ya bei.

Dawa yenyewe lakini iko kabla ya ndege kuondoka. Yule mtu wa Ntobeye, Alhamisi ile ile, akiwa bado anapakia mzigo kwenye gari la binamu yake, angepiga simu na kuandika ujumbe: sitapanda ya kesho, naomba ya Jumatano ibaki. Ukitoa taarifa mapema, jambo hilo huwa ni kubadilisha tiketi. Utalipa faini ya mabadiliko, pengine na tofauti ya nauli, lakini safari ya kurudi inabaki hai. Ukikaa kimya hadi ndege iondoke, umeshaandikwa kuwa hukutokea. Na ukishakubaliwa, usiridhike na neno la simuni. Dai tiketi mpya au uthibitisho wenye safari ya kurudi pekee, na jina la aliyekuhudumia.

Kwa watu wa Ngara, ambao leo wanapanda basi la Dar na kesho wanapata lifti ya lori kutoka Rusumo, ushauri wangu ni mfupi: kama huna hakika na upande mmoja, linganisha bei ya tiketi mbili za kwenda tu. Mbili haziuani.

Kuna hali moja ambapo usikubali kabisa kuambiwa hukutokea: pale kampuni yenyewe ilipofuta au kuchelewesha ndege ya kwanza, nawe ukapanda basi ili uwahi mazishi. Aliyeshindwa kutimiza ni yeye. Hawezi kuigeuza kasoro yake iwe kosa lako. Kabla hujaondoka uwanjani omba uthibitisho wa kufutwa kwa safari, au piga picha ubao wa matangazo, kisha waandikie papo hapo kwamba safari ya kurudi bado unaitaka.

Kuruka kipande cha mwisho ni jambo jepesi zaidi, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kufutwa. Mwenye tiketi ya Bukoba inayopitia Mwanza anaweza kushuka Mwanza na kwenda zake. Begi alilokabidhi kaunta, hata hivyo, litaendelea hadi Bukoba. Na usiifanye mazoea: masharti ya kampuni nyingi yanakataza, na wanaweza kukufutia pointi za uaminifu au kukudai tofauti ya nauli.

Malalamiko yaanzie kwenye kampuni yenyewe, kwa maandishi, ukiambatanisha tiketi, risiti ya malipo na ujumbe wa wakala. Usipopata jibu au ukipewa jibu lisiloridhisha, peleka kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, TCAA-CCC, ambalo kazi yake ni kumsemea abiria. Uamuzi wa mamlaka ukikukera, rufaa husikilizwa na Baraza la Ushindani, FCT. Kumlipa wakili kwa ajili ya nauli ya Mwanza ni kutupa pesa juu ya pesa. Wapo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kwa aliye Ntobeye, ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya pale Ngara ni mahali pa kuanzia kuwaulizia, nao watakusaidia kuandika barua bila malipo.

Kwa FCC na TCAA tuna ombi moja: lazimisheni sharti hili liandikwe kwa Kiswahili kwenye kila tiketi inayouzwa nchini, mahali ambapo abiria ataliona kabla hajaweka namba ya siri ya simu yake.