Mafuta Yasiyotoka Sahanini

Swali: Bwana Mhariri, hapa Mutomo mafuta ya mbuzi nimeyaacha tangu mwaka jana, mbona kolesteroli haishuki?

Jibu: Ndugu yangu, kolesteroli iliyo nyingi haitoki sahanini, bali huundwa na mwili wenyewe, hasa ini, na seli, ihisipo kwamba akiba imepungua, huikata protini iitwayo SREBP, iliyofungwa utandoni mfano wa mbuzi mtini, na kipande chake huingia katika kiini kuziamsha jeni za kuunda kolesteroli na za kuivuta kutoka damuni. Akiba ikijaa, kamba haikatwi. Wamasai, kwa mujibu wa uchunguzi wa mwaka 1971, walipolishwa kolesteroli, miili yao ilipunguza kuiunda. Si kila mwili una hadhari hiyo. Ndipo tabibu hutoa dawa ziitwazo statini, ambazo, kwa kuzuia uundaji, hulifanya ini likate kamba na kuivuta kolesteroli zaidi kutoka damuni.