Mtoto Ana Usonji: Acheni Kutafuta Mwenye Kosa



Kuna swali ambalo likiingia katika nyumba haliondoki upesi: "Mtoto huyu amekuwa hivi kwa sababu ya nani?" Baba humtazama mama, mama humtazama baba, na jamaa wa pande zote mbili huwatazama wote wawili. Mmoja husema, "Katika ukoo wetu hakuna mtoto wa namna hii." Mwingine huuliza mama alikula nini alipokuwa mjamzito. Wa tatu hunong'ona kwamba mtoto amerogwa. Siku zikipita, baba huanza kuchelewa kurudi nyumbani, na mama hubaki peke yake na mtoto asiyelala usiku.

Katika somo hili tutazungumza juu ya usonji: wataalamu wamegundua nini kuhusu chanzo chake, na ni msaada gani ulio wa kweli. Tungewaomba mlisome ninyi wawili, ikiwezekana mkiwa mmeketi pamoja.

USONJI NI NINI?

Usonji si wazimu, wala si ugonjwa wa kuambukiza. Ni namna ubongo wa mtoto unavyokua tofauti tangu mapema sana. Mtoto hupata shida ya kuwasiliana na kuchangamana na wengine. Hupenda kurudia jambo lile lile, na badiliko dogo tu, au kelele kama ya mashine ya kusaga unga, huweza kumtia hofu kubwa.

Yafaa wazazi wazijue ishara. Mtoto amefikisha mwaka 1 lakini haitiki jina lake. Hanyooshi kidole kuwaonyesha ndege au gari. Hawatazami usoni mnapocheza naye. Amefika miaka 2 bila kuunganisha maneno, au maneno aliyokuwa ameyaanza yamepotea. Ishara moja peke yake haitoshi kusema ni usonji, lakini yatosha kuwapeleka kwa daktari.

Watoto hawa hawafanani. Mmoja hatasema neno maisha yake yote; mwingine atasoma mpaka chuo kikuu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Tena msidhani ni jambo la Wazungu. Mtafiti Victor Lotter alizitembelea nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo, na mwaka 1978 akaandika kwamba watoto wa namna hii aliwakuta huku pia.

MAMA ALIVYOSINGIZIWA

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, wa Baltimore huko Marekani, aliandika habari za watoto 11 walioishi kama wako katika dunia yao wenyewe. Aliona kwamba hali hiyo ilionekana kama imeanza tangu kuzaliwa. Lakini aliandika pia kwamba wengi wa wazazi wao hawakuwa watu wa moyo mkunjufu. Maneno hayo yalileta msiba mkubwa. Kwa miaka mingi madaktari waliwaambia akina mama kwamba ubaridi wao, ubaridi kama wa jokofu, ndio uliomfunga mtoto. Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya watoto huko Chicago, alieneza fundisho hilo kwa kitabu chake cha mwaka 1967. Kwa maoni yake, tiba ilikuwa kumtenga mtoto na wazazi wake.

Fikirini uchungu wa mama aliyeambiwa hivyo. Anamwogesha mtoto, anamlisha, anakesha naye, kisha anaambiwa na mtu msomi kwamba hakumpenda vya kutosha.

Mmoja wa waliolipinga fundisho hilo alikuwa mzazi. Bernard Rimland alikuwa mtaalamu wa saikolojia na mwanawe alikuwa na usonji. Alisoma kila utafiti alioweza kuupata, na mwaka 1964 akatoa kitabu kuonyesha kwamba chanzo ni mwili, si malezi. Mwaka 1969 Kanner mwenyewe alisimama mbele ya mkutano wa wazazi na kuwatangaza kwamba hawana hatia.

PACHA WALITUFUNDISHA NINI?

Ushahidi wa nguvu ulitoka kwa watoto pacha. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za pacha huko Uingereza, ambapo katika kila jozi mtoto mmoja au wote wawili walikuwa na usonji. Jozi 11 zilikuwa za pacha wa kufanana kabisa, na 10 za pacha wasiofanana. Kati ya jozi za wanaofanana, 4 zilikuwa na watoto wote wawili wenye usonji. Kati ya wale wasiofanana hapakuwa na hata jozi moja. Pacha hawa wote walilelewa na mama mmoja, katika nyumba moja, kwa chakula kimoja. Kilichowatofautisha ni kiasi cha urithi walioshiriki.

Utafiti mkubwa wa mwaka 2019, uliowahusu watoto zaidi ya milioni 2 katika nchi 5, ulikadiria kwamba urithi ndio unaoeleza kama asilimia 80 ya tofauti baina ya watu katika jambo hili.

Hapo mtu atadakia: "Kumbe ni damu ya ukoo wenu!" Ngojeni kwanza. Hakuna jeni moja ya usonji inayotoka kwa baba au kwa mama. Wataalamu wamekwisha kutambua jeni zaidi ya 100 zinazohusika. Mara nyingi ni vitu vingi vidogo vidogo, vingine vya baba na vingine vya mama, ambavyo kila mmoja wao alikuwa navyo bila dhara. Mara nyingine badiliko hutokea upya katika yai la mama au mbegu ya baba, na wala halimo katika mwili wa mzazi yeyote. Watafiti wa Iceland walionyesha mwaka 2012 kwamba mabadiliko mapya ya namna hiyo huongezeka kadiri umri wa baba unavyoongezeka. Basi wale wanaomgeukia mama peke yake hawana msingi. Lakini mama naye asimgeukie baba, kwani hakuna mwanamume anayechagua kilichomo katika mbegu yake.

CHANJO NA DAWA ZA UJAUZITO

Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield wa Uingereza alitoa makala kuhusu watoto 12, akidokeza kwamba chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela ina uhusiano na usonji. Hofu ilienea duniani kote. Baadaye ilijulikana kwamba habari za watoto wale hazikuelezwa kwa haki. Mwaka 2010 jarida lililoichapisha liliifuta makala hiyo, na yeye akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Huko Denmark watafiti waliwafuatilia watoto zaidi ya 650,000, na mwaka 2019 wakaeleza kwamba waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Baada ya mlipuko wa rubela wa mwaka 1964 huko Marekani, daktari Stella Chess aliwachunguza watoto ambao mama zao waliugua wakiwa wajawazito. Aliona usonji mwingi kuliko kawaida kati yao. Kwa hiyo chanjo ya rubela, ambayo Kenya huitoa pamoja na ya surua tangu mwaka 2016, haileti usonji. Huzuia mojawapo ya vyanzo vyake.

Na dawa je? Septemba 2025 serikali ya Marekani iliwaonya wajawazito juu ya parasetamoli. Lakini utafiti wa Sweden wa mwaka 2024, uliowahusu watoto karibu milioni 2.5, ulilinganisha ndugu wa tumbo moja: mmoja ambaye mama aliimeza dawa hiyo akiwa na mimba yake, na mwingine ambaye hakuimeza. Haikuonekana tofauti. Dawa ambayo kweli inajulikana kuongeza hatari ni valproeti, inayotumiwa kutibu kifafa. Mama mwenye kifafa amwone daktari wake kabla ya kushika mimba. Asiiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, maana kifafa nacho huua.

JIHADHARINI NA WAUZA MIUJIZA

Hakuna dawa iwezayo kuuondoa usonji. Dawa kama risperidoni hupunguza hasira kali na kujiumiza kwa baadhi ya watoto, kwa uangalizi wa daktari, basi. Kila anayewaambia "nitamponya kabisa" anataka fedha zenu, au yeye mwenyewe amedanganyika.

Sikilizeni mfano huu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wazazi wengi walisifu dawa iitwayo sekretini. Mwaka 1999 watafiti wakaijaribu: baadhi ya watoto walidungwa sekretini, wengine maji ya chumvi, na wazazi hawakujua nani kapewa nini. Watoto wa pande zote mbili walionekana kupata nafuu! Mtoto hukua, na mzazi mwenye tumaini huona mazuri. Ndiyo sababu ushuhuda wa jirani, hata akiwa mtu mkweli, hautoshi kuthibitisha dawa.

Nyingine huua. Mwaka 2005 mtoto wa miaka 5 alifariki huko Marekani alipokuwa akipewa dawa ya kuondoa madini mwilini ili aponywe usonji. Wengine wamewanywesha watoto maji ya blichi. Na hapa kwetu wako wanaowachanja watoto chale, kuwafunga kamba, au kuwanyima chakula ili pepo litoke. Hayo ni mateso, si tiba.

MSAADA WA KWELI UMO NYUMBANI

Habari njema ni kwamba waliosingiziwa kuwa chanzo ndio walio msaada mkubwa. Huko Uingereza watafiti waliwachukua watoto 152 wenye umri wa miaka 2 hadi 4. Nusu yao, wazazi walipigwa picha za video wakicheza na mtoto, kisha wakaitazama video hiyo pamoja na mtaalamu. Walijifunza kungoja, kutambua kile mtoto anachokitazama, na kumjibu kwa maneno machache. Matokeo ya kwanza, mwaka 2010, yalionyesha mabadiliko hasa katika jinsi wazazi na watoto walivyowasiliana. Watoto walipochunguzwa tena miaka kadhaa baadaye, kama ilivyoelezwa mwaka 2016, dalili zao zilikuwa pungufu kuliko za wenzao. Hawakuacha kuwa na usonji, lakini waliwasiliana vizuri zaidi. Mpango kama huo umejaribiwa pia India na Pakistan kwa kuwatumia wahudumu wa kawaida wa afya, nao ukaleta faida. Shirika la Afya Duniani nalo limeandaa mafunzo ya walezi: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 nyumbani.

Basi fanyeni haya:

1. Mpelekeni mtoto hospitali mapema, apimwe na masikio. Msikubali kuambiwa tu, "Ngojeni, wavulana huchelewa kusema."

2. Ulizieni kituo cha Wizara ya Elimu cha kupima watoto wenye mahitaji maalum katika kaunti yenu. Kenya imekuwa na vituo hivi tangu mwaka 1984. Mwandikisheni pia katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

3. Kila siku mkae naye chini kwa muda mfupi, kwa zamu. Fuateni anachokipenda. Akicheza na vifuniko vya soda, nanyi chezeni na vifuniko. Taja "kifuniko," kisha ngoja.

4. Gawaneni usiku. Baba akishika zamu hata mara mbili kwa juma, mama atapata usingizi, na hasira itapungua nyumbani.

5. Jamaa wakianza maneno ya laana, mume na awajibu watu wa kwao, na mke watu wa kwao. Mmoja wenu asiachwe peke yake mbele ya wakwe.

Wengi huuliza kama wapate mtoto mwingine. Utafiti wa mwaka 2024 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wanaozaliwa baada ya ndugu mwenye usonji, kama 20 huwa na usonji pia. Maana yake 80 hawana. Zungumzeni juu ya jambo hilo kwa utulivu. Uamuzi ni wenu wawili, si wa ukoo.

Siku ya arusi mliahidiana kwa raha na kwa taabu. Mtoto huyu hakuja kuivunja ahadi hiyo. Anawahitaji wote wawili mikononi mwake, mmoja huku na mwingine huku, na mikono inayonyoosheana vidole haiwezi kumshika.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Je, kuna neno la lawama ambalo tumewahi kuambiana juu ya mtoto, na bado linauma?

2. Wiki hii nani amekesha zaidi? Tutagawanaje kazi wiki ijayo?

3. Tumetumia fedha ngapi kwa waganga na dawa zisizothibitishwa? Fedha hizo zingeweza kumsaidia mtoto kwa njia gani nyingine?

4. Kama nyumba yetu haina mtoto wa namna hii, ni jirani gani anaye, na sisi tumemsemaje?