Kitanda Kisicholaliwa: Somo la Usimamizi wa Utalii Chuo Kikuu

Mimi ni mmoja wenu. Nilikuwa mwanachama wa Chama hiki cha Kiswahili, na sasa niko mwaka wa tatu chuo kikuu nikisomea shahada ya usimamizi wa utalii. Mwalimu mlezi wa Chama aliniomba niandike machache kuhusu masomo hayo kwa sababu, alisema, kila mwaka kidato cha nne hujaza kozi wasizozijua. Ombi la mwalimu ni amri, basi nimeshika kalamu.

Kwanza niungame. Hata mimi niliijaza bila kuijua. Nilikuwa nimeziona gari za watalii zikipita kwenye barabara ya Sotik kwenda Kericho, vumbi la Mara lingali mlangoni, nikadhani kazi yenyewe ni kukaa ndani ya gari hilo na kuwaonyesha Wazungu simba. Baba naye alielewa vingine kabisa. Jioni nilipomweleza, alinyamaza kitambo, akaweka kikombe chini.

"Yaani nichume chai miaka minne ili wewe uende kupika chapati hotelini?"

"Si kupika, Baba. Ni usimamizi."

"Usimamizi wa nini? Wa chapati?"

Msimlaumu mzee wangu. Kwetu hoteli ni pale stendi panapouzwa chai na mandazi, na mwenye hoteli hakusomea popote. Tena pesa zenyewe zilikuwa za bonasi ya chai, na nyuma yangu kuna wadogo watatu wanaongoja zamu yao. Mama alituangalia tu. Mimi sikuwa na jibu. Jibu nililipata nikiwa tayari chuoni, na ndilo ninalotaka nanyi mlipate mapema, kabla ya fomu kujazwa.

Sasa tuingie darasani. Anayedhani kwamba kwa kuchagua utalii ameikimbia Hisabati, ajue ameikimbilia. Kuna uhasibu, uchumi na takwimu. Kuna jiografia ya utalii, sheria, masoko, usimamizi wa wafanyakazi, utunzaji wa mazingira, na aghalabu lugha moja ya kigeni kama Kifaransa au Kijerumani. Simba hatukumwona mwaka mzima wa kwanza! Lakini katika hayo yote kuna jambo moja ambalo mhadhiri alilirudia hata tukalichoka, nalo ni hili: kitanda ambacho hakikulaliwa usiku wa leo hakiwezi kuuzwa kesho.

Wenzangu wa mjini walikuwa wakikuna vichwa. Mimi nilicheka kimoyomoyo. Mtoto wa Litein anahitaji kufundishwa hilo? Sisi tunajua kwamba majani mawili na chipukizi yakishachumwa hayana subira. Ni sharti yafike kiwandani siku hiyohiyo. Yakilala kwenye kikapu yakiwa yamebanana, hupata joto, huwa mekundu, na karani wa kituo huyakataa mbele ya macho yako. Muuza mahindi akikosa bei leo huyaweka ghalani. Muuza majani chai na muuza kitanda hawana ghala.

Kutokana na hilo hutoka karibu kila swali la mtihani wetu. Tuchukue mfano. Hoteli ina vyumba 40, na chumba ni shilingi 6,000 kwa usiku. Usiku mmoja wanapatikana wageni wa vyumba 18 tu. Mapato ni shilingi 108,000. Meneja anasema, "Tushushe bei hadi 4,000." Vyumba 31 vinajaa, mapato yanakuwa 124,000. Watu wanapiga makofi. Ngoja kwanza. Kila chumba chenye mgeni kinakula pesa: sabuni, maji moto, kufua mashuka, kiamshakinywa. Tuseme ni shilingi 900. Toa 16,200 kwenye hesabu ya kwanza, unabaki na 91,800. Toa 27,900 kwenye ya pili, unabaki na 96,100. Kelele zote zile ni za faida ya shilingi 4,300! Na mgeni aliyekuwa akilipa 6,000 bila kunung'unika sasa amejua kwamba ukingoja, bei hushuka. Hatalipa 6,000 tena. Je, meneja alifanya vyema? Darasani tulibishana saa nzima, na mimi hadi leo nadhani alikosea, ingawa rafiki yangu mmoja hakubali.

Jambo la pili ni misimu. Nyumbu huvuka Mto Mara kati ya mwezi wa Julai na Oktoba, na wakati huo kitanda Mara ni dhahabu. Mvua za masika zikija Aprili na Mei, barabara ni matope, wageni hawaonekani. Hapa ndipo nilipogundua kitu ambacho sikukipata kwenye kitabu chochote. Mvua ileile inayowafukuza watalii Mara ndiyo inayotuletea sisi majani mengi. Kwetu ukame ndio njaa, kwao masika ndiyo njaa. Laiti familia moja ingekuwa na mguu huku na mguu kule, isingelala na njaa mwezi wowote. Hilo ni wazo langu tu, lakini nimeshaanza kuliandikia karatasi yangu ya mwaka wa nne.

Misimu hujulikana, lakini kuna mambo ambayo hayana kalenda. Mnamo Agosti 1997 vurugu zilizuka Likoni, na hoteli za Pwani zikabaki na viti vitupu. Mwaka uliofuata, Agosti 7, 1998, bomu lililipuka Nairobi. Mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 zikaja ghasia za baada ya uchaguzi, na hapo hata sisi wa Bonde la Ufa hatuhitaji kusimuliwa. Kisha korona. Mwaka wa 2019 Kenya ilipokea wageni zaidi ya milioni 2 kutoka nje. Mwaka wa 2020 hawakufika laki 6. Kufikia 2024 idadi ilikuwa imepita tena milioni 2, lakini kati ya hapo na pale kuna watu waliouza hata televisheni.

Nami nimeyaonja hayo kidogo. Tulipelekwa mafunzo ya kazi kwa miezi mitatu, nikaangukia hoteli moja ambayo sitaitaja, nikaanza mwezi wa Aprili. Wiki ya pili wageni walikuwa wanne. Wiki ya tatu meneja aliwaita wafanyakazi wa kandarasi jikoni, akawaambia waende nyumbani hadi atakapowapigia simu. Hakuwatukana, hakupiga meza. Alisoma majina tu. Mama mmoja aliyekuwa akinifundisha kukunja mashuka alivua aproni yake, akaikunja vizuri vilevile kama shuka, akaiweka mezani. Alikuwa na mtoto kidato cha tatu. Usiku ule nilifungua daftari langu la hesabu za vyumba na sikuona namba, niliona aproni. Meneja aliyejipanga mwezi wa Oktoba, akauza vyumba vya Aprili kwa semina za walimu au mikutano ya vyama vya ushirika hata kwa bei ya chini, hangelazimika kusoma majina yale. Kwa hivyo mtu akiniuliza usimamizi wa utalii ni nini, mimi humwambia ni hiyo kazi ya Oktoba.

Kuna na somo la mazingira, ambalo wengi huliona la kupumzikia. Mimi lilinigusa kwa sababu ya mto. Mto Nyangores, ule unaopita mjini Bomet, hutoka msitu wa Mau na kuungana na Amala kuwa Mto Mara. Mto wetu wa Litein haumo, maji yetu huteremkia upande wa Sondu hadi ziwani, lakini Bomet si mbali. Maana yake ni kwamba anayekata mti huko Mau anapunguza maji ambayo nyumbu atayavuka kule chini, ambayo mgeni amelipia nauli ya ndege kuyaona, ambayo yanamlipa mpishi mshahara. Na Mara upande wa nje wa hifadhi, wenye ardhi wengi huungana na kuikodisha kwa ajili ya wanyama, wakalipwa kodi. Kumbe kuna majirani zetu ambao mazao yao ni nyasi zisizolimwa!

Sasa mtaniuliza: tusomee wapi? Kuna Chuo Kikuu cha Maasai Mara, pale Narok. Kuna cha Moi kule Eldoret, kuna Kenyatta jijini Nairobi. Shahada inataka wastani wa C+ na kuendelea, na masomo ya kundi lake uyaangalie kwenye KUCCPS mwenyewe, usimsikilize binamu. Karo ikishinda, kuna mkopo wa HELB, lakini mkopo ni mkopo bana, utalipwa.

Ila msiidharau stashahada. Chuo cha Utalii cha Kenya, kilichofunguliwa mwaka 1975 kwa ushirikiano na Uswisi, hufundisha kwa mikono. Niliwakuta waliotoka huko kazini, na pale mapokezi na jikoni walinipita mbali. Mwenye shahada naye huanzia palepale kwenye kaunta, akitabasamu hadi mashavu yaume, na miaka ya kwanza mshahara si wa kujivunia. Anayependa kazi ya mikono na anataka kuajiriwa mapema, aende Utalii. Anayependa hesabu, mipango na mabishano ya saa nzima, chuo kikuu kinamfaa. Asiyependa watu asiende popote kati ya hapo.

Likizo iliyopita nilimkuta Baba ametoka kituoni. Gari la kiwanda lilikuwa limechelewa hadi usiku na kilo kadhaa zimeharibika. Nikachukua kalamu, nikamchorea vyumba 40 nyuma ya risiti ya majani, nikamweleza kitanda kisicholaliwa. Alitazama muda mrefu.

"Kwa hivyo hao nao hulaza majani," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Na gari lao likichelewa ni nani hulaumiwa?"

"Mimi."

Alikunja risiti ile akaitia mfukoni, akamwambia Mama alete mursik.

Daftari langu la hesabu za mwaka wa kwanza nimeliacha kwa mwalimu mlezi, kabati la Chama, rafu ya chini. Anayetaka kujaribu hesabu ya vyumba 40 kwa bei ya shilingi 5,000, akipata wageni wa vyumba 26, aanzie ukurasa wa kumi. Tafadhali msilichane.