Dondoo muhimu: Kutegana vitendawili Kisumu
Ukisema "Kitendawili!", subiri waitikie "Tega!" Watoto wajaribu kwanza; ndivyo watoto wa zamani walivyokuzwa akili katika siwindhe, nyumba ambamo pim, bibi mzee wa Kiluo, aliwafunza kwa hadithi na mafumbo.

Wakishindwa, usitoe jibu bure: dai mji. Wakikupa Homa Bay au Mbita, simulia ulivyokaribishwa huko, kisha fumbua.

Tega kitendawili cha ziwani: "Mgeni wangu wa kijani hana miguu, lakini hufunga bandari." Ni gugumaji, linalosukumwa na upepo katika Ghuba ya Winam. Jibu tofauti likiafiki, likubali. Kumkatalia mtoto aliyefikiri vizuri ni kumnyima haki yake. Vitendawili vinavyodhihaki ukoo wa mtu usivitege kabisa.