Mafunzo Niliyopata Nikisaili Makarani wa Mizani

Nipo kwenye jopo la usaili la chama cha msingi cha wakulima wa kakao hapa Katumba Songwe, Kyela. Karani tunayemchagua ndiye atakayepima kakao ya watu kabla haijaingia ghalani kusubiri mnada.

1. Kuinamisha macho si dalili. Kijana wa Kinyakyusa aliyelelewa hamkazii mzee macho. Mjumbe mgeni humwandika "hajiamini", nasi tunafuta.

2. Mpe mizani. Majibu ya mdomo hukaririwa nyumbani. Anayeijua kazi huhakikisha kwanza mizani inasoma sifuri, hutoa uzito wa gunia, kisha huchota punje kadhaa na kuzipasua: ya kahawia ndani imevundikwa ikaiva, ya kijivu imeharakishwa. Kijana mmoja, msemaji kwelikweli, alikuwa akisoma namba kwa sauti huku ncha ya ndala yake imekanyaga ukingo wa mizani. Mama mmoja mkulima aliyekaa nyuma akamwambia, "Mwanangu, toa mguu." Akautoa, namba ikashuka. Huenda ilikuwa bahati mbaya. Kazi hakupata.

3. Muulize atafanyaje mzee akilalamika kwamba kilo zake zimepungua. "Nitapima tena mbele yake" linanitosha. Anayeanza na "wakulima wa huku wanapenda lawama" ameshachagua upande, na bado hatujamwajiri.

4. Vyeti tunataka halisi, si nakala. Mwaka 2017 uhakiki wa serikali uliwanasa watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Chama chetu kidogo kitapona vipi? Ila asemaye cheti kipo kwa shangazi yake Tukuyu tunampa muda, maana wengine hurudi nacho kweli.

5. Msichana asiulizwe ataolewa lini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa ndoa na wa ujauzito, na isitoshe swali lenyewe halipimi kakao.

6. Mwisho tunauliza kama yeye au nduguye hununua kakao mbichi mashambani. Wengi hucheka, Kyela hii nani hana ndugu mnunuzi? Anayejibu "kaka yangu ananunua" tunamwandika na kumpangia kituo cha mbali na kaka. Anayeapa kwamba ukoo wake wote haujawahi kugusa biashara hiyo, tunamshukuru, tunamwita anayefuata.