Dondoo muhimu: Umechaguliwa kwenye kamati ya shule?

Mzazi wa Geita, Kahama au Shinyanga unayeingia kamati ya shule ya msingi (sekondari ina bodi), jiandae hivi:

• Hakuna mshahara. Ni kujitolea: vikao, kukagua ujenzi na kupokea simu za wazazi wenzako.

• Mwalimu mkuu ndiye katibu. Omba muhtasari wa kikao kilichopita, usome kabla ya kutoa hoja.

• Fuatilia fedha. Shule ya msingi ya serikali haitozi ada, na ruzuku ya serikali huingia akaunti ya shule. Taka mapato na matumizi yabandikwe ubaoni, wazazi wayaone.

• Darasa linajengwa kwa fedha za mgodi? Uliza mpango wake halmashauri. Tangu 2017 sheria inaitaka kampuni ya madini ikubaliane na halmashauri kuhusu miradi ya jamii. Saruji ikishushwa, hesabu mifuko.

• Utoro. Madawati yakibaki wazi, ulizia machimboni na kwenye makarasha (mitambo ya kusaga mawe ya dhahabu). Nenda na mwenyekiti wa kitongoji, mzungumze na mzazi kwanza.

• Usimsimamie mwalimu akifundisha. Kero zina mahali pake: kikaoni.