SOMO LA FAMILIA: Kutunza Moto na Umeme Nyumbani



Mwezi huu tunajifunza juu ya jiko, taa na mita ya umeme. Labda mtu atauliza: je, hayo nayo ni mambo ya kanisa? Tunajibu ndiyo. Tunapotembelea nyumba za washirika hapa Gisimenti na mitaa mingine ya Remera, tunakuta fedha nyingi ya nyumba inaishia katika moto na mwanga, na ugomvi mwingi wa majirani unatoka huko huko. Tena tunakumbuka kwamba Bwana Yesu, baada ya kulisha watu elfu tano, aliwaagiza wanafunzi wakusanye mabaki yasipotee. Yeye aliyeweza kuzidisha mkate hakukubali makombo yatupwe. Sisi tunaonunua makaa kwa ndoo ndogo tutatupaje?

1. Tulikotoka na tulipo

Wengi wetu tulipita kambi ya Kiziba, iliyofunguliwa mwaka 1996, au Gihembe, iliyofungwa mwaka 2021. Ndugu zetu Warundi wengi walipita Mahama kuanzia mwaka 2015. Na kabla ya kambi, kijijini, moto uliachwa ukiwaka tangu asubuhi hadi usiku. Kuni zilitoka shambani, na mgeni akifika alikuta maji ya moto. Hiyo ilikuwa desturi nzuri mahali pake. Lakini mjini kila kaa limenunuliwa. Moto unaowaka bila sufuria juu yake ni fedha inayoungua.

Majirani wetu Wanyarwanda wana neno zuri, kurondereza, maana yake kutumia kwa uangalifu. Hata jiko la kuni lililoboreshwa waliliita rondereza. Tujifunze neno hilo, na kazi yake.

2. Mita ya umeme

Umeme wa nyumbani hapa unalipiwa kabla, kwa Cash Power. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba bei ya yuniti haiko moja. Iko kwa ngazi, na ngazi huhesabiwa kwa mwezi. Kwa bei zilizoanza Januari 2020, yuniti 15 za kwanza zilikuwa faranga 89 kila moja. Kutoka 15 hadi 50 zilikuwa faranga 212, na zaidi ya 50 zilikuwa faranga 249, kabla ya kodi. Bei zimepangwa upya tangu hapo, kwa hiyo soma risiti yako. Kanuni ya ngazi ndiyo tunayotaka muishike.

Tazameni sasa familia nne katika ua mmoja, wenye mita moja. Kila familia inatumia yuniti 15 kwa mwezi. Kama kila moja ingekuwa na mita yake, kwa bei zile kila familia ingelipa faranga 1,335, na wote pamoja 5,340. Lakini kwa mita moja ni yuniti 60. Za kwanza 15 ni faranga 1,335, zinazofuata 35 ni 7,420, na 10 za mwisho ni 2,490. Jumla ni 11,245. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyeharibu, lakini gharama imekuwa zaidi ya mara mbili.

Tunasema hivi kwa sababu tulishaitwa kuamua ugomvi wa namna hiyo. Mama mjane mmoja alishtakiwa na wenzake kwamba anamaliza umeme, kwa kuwa wageni wake walichaji simu. Kwa majuma matatu alikaa gizani na watoto wake, akiona haya kutoka nje. Tulipopiga hesabu pamoja tuliona kwamba simu moja, ikichajiwa kila siku, haimalizi hata yuniti moja kwa mwezi mzima. Katika ua ule ule kulikuwa na jiko la umeme la wati 1,500. Likiwaka saa mbili kwa siku linakula yuniti 90 kwa mwezi. Mjane alikuwa amehukumiwa bure. Tuliomba msamaha mbele yake, wote, na sisi wachungaji pia, maana tulichelewa kuuliza.

Basi fanyeni haya:

- Zungumzeni na mwenye nyumba kwa heshima juu ya kila familia kupata mita yake. Ikishindikana, wekeni mita ndogo za kugawanya, kila mtu alipe alichotumia.
- Nunueni umeme wa kila mwezi ndani ya mwezi wake. Ukinunua wa miezi miwili kwa mara moja, unapanda ngazi bure.
- Badilisheni taa. Taa ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku inakula yuniti 9 kwa mwezi. Taa ya LED ya wati 9 inakula yuniti moja na kidogo, na mwanga wake unatosha.
- Pigeni pasi nguo zote kwa siku moja. Pasi inakula sana inapoanza kupata moto.

Tukumbuke pia umeme huu unatoka wapi. Sehemu yake inatoka Karongi, ambako mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 hutumia gesi iliyo chini ya maji ya ziwa Kivu. Ni ziwa lile lile ambalo wengi wetu tuliliacha nyuma.

3. Jiko na chakula

Jiko la bati tupu linapeleka joto pembeni. Jiko lenye udongo ndani, lililoenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980, linashika joto na kupunguza makaa sana. Bei yake ni kubwa kidogo, lakini linajilipa lenyewe. Udongo ukipasuka, uzibeni mapema.

Maharage ndiyo yanayomaliza makaa. Kigali iko juu, karibu mita 1,500, na hapa maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Ndiyo sababu akina mama waliotoka Bujumbura au Uvira, kule chini, wanalalamika kwamba maharage ya hapa hayaivi. Si ubaya wa maharage. Fanyeni hivi:

- Lowekeni maharage usiku kucha, mmwage maji yale, mpike kwa maji mapya.
- Funikeni sufuria. Maji yakishachemka punguzeni moto, maana moto mkali hauivishi upesi zaidi, unamaliza maji tu.
- Tumieni kikapu cha joto. Chemsheni maharage kwa nguvu kwa nusu saa, kisha wekeni sufuria iliyofunikwa ndani ya kikapu kilichojazwa majani makavu au nguo nzito. Fungeni vizuri kwa saa kadhaa. Yataendelea kuiva bila moto. Kabla ya kula, yachemsheni tena.
- Mkimaliza kupika, makaa yaliyobaki yawekeni nje katika mkebe wa chuma wenye kifuniko. Yatazimika kwa kukosa hewa, na kesho yatawaka tena.

4. Kuokoa fedha kusipoteze uhai

Hapa tunaomba msikilize sana. Kuna wanaoingiza jiko la makaa chumbani wakati wa mvua, wapate joto na kupika pamoja, na mlango wanaufunga. Makaa hayo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu huumwa kichwa, hulegea, hulala, na asiamke. Katika msimu mmoja wa mvua tuliitwa usiku kwa familia ya kanisa. Watoto wawili walikuwa wamezimia, na jirani aliyevunja mlango ndiye aliyewaponya. Jiko lisilale ndani ya nyumba, hata kama limebaki na majivu mekundu tu. Mtu akizidiwa, mtoeni nje kwenye hewa safi na mpelekeni hospitali mara moja.

Wanaotumia gesi wapake povu la sabuni kwenye mpira na viungo vyake. Povu likitoa mapovu, gesi inavuja. Fungeni chupa, fungueni milango, msiwashe wala kuzima kitu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Mwezi uliopita tulinunua umeme mara ngapi, na makaa kiasi gani? Nani anaandika?
2. Ni moto gani hapa kwetu unaowaka bila kazi?
3. Je, kuna jirani tuliyemlaumu bila kupiga hesabu? Tutakwenda kwake lini?

Andikeni matumizi yenu kwa majuma manne, mje nayo siku ya ushirika wa familia. Kile kitakachookolewa, hata kikiwa kidogo, tayari kina kazi: daftari la mtoto, dawa, au sahani ya mgeni aliyefika jana kutoka safarini.

Mungu azilinde nyumba zenu. Amina.